Sauti Ndani ya Tairi la Mbele

Scholastica Ghati alikuwa amepiga magoti mbele ya gurudumu, akipaka sabuni ukingo wa tairi ili likubali kukaa kwenye rimu, tipa la Oduol lilipokata kona na kusimama uani kwake. Vumbi lote lilimwangukia yeye. Hakuinuka. Alimaliza kwanza kuzungusha sabuni, maana ikikauka nusu tairi hugoma, kisha akajifuta mikono kwenye kanga ya kazi na kuwatazama waliokuwa wakishuka.

Alishuka Oduol mwenyewe, mwenye gari na mwenye shimo la mawe ya dhahabu kule juu Kerende. Akashuka mzee Kisyeri, mlinzi wa geti la shimo hilo. Wa mwisho alikuwa Felix Nyamhanga, dereva, ambaye siku hiyo hakupewa usukani. Alikuwa amebanwa katikati yao kama mzigo. Nyuma, ndani ya bodi, walisimama wachimbaji kama kumi, wakimkodolea macho Scholastica kama watu waliokuja kutambua ng'ombe wa wizi.

"Shikamoo mzee Kisyeri," alisema. Hasira ilikuwa bado haijafika, na hata ingefika, mzee ni mzee.

"Marahaba," mzee akaitikia, akitazama viatu vyake.

Oduol hakusalimia. Alikuwa na panga mkononi.

"Mama Nyangi, leo tunapasua tairi. Hili la mbele, kushoto. Nataka hawa wote waone mlichoficha humo, wewe na huyu Felix."

"Nilichoficha mimi?"

"Dhahabu yangu. Kisyeri ameisikia kwa masikio yake. Juzi gari linatoka getini polepole, tairi linalia shaaa, shaaa, kama mchanga unamwagika. Mchanga gani unakaa ndani ya tairi? Felix anaiba shimoni, anaitia humo kama ulivyomfundisha, inapita getini, kisha mnaitoa hapa kwako. Mnanifanya mimi mjinga!"

Hapo ndipo Scholastica alipoielewa jana yake. Jana ilikuwa Jumatano, sala ya jumuiya ya kanisa ilikuwa nyumbani kwa Veronika, na alipoingia wanawake wakanyamaza. Hakuna aliyemwomba aanzishe wimbo, yeye aliyeanzisha nyimbo miaka kumi na moja. Alidhani kuna msiba wanaogopa kumwambia. Kumbe aliyekufa ni jina lake, na walikuwa wameshalizika.

Damu ilimpanda hadi masikioni. Miaka sita tangu Machage, mume wake, aondoke duniani, alikuwa ameinua matairi yanayomfika kifuani kwa mitarimbo ileile aliyoiacha marehemu. Watu walicheka kwanza, mwanamke na matairi ya tipa, kisha wakazoea, kisha wakaanza kupanga foleni. Hakuwahi kubadilisha tairi la mtu kwa siri. Hakuwahi kuokota hata nati ya mtu. Dhahabu ilipowatia watu wazimu, shule zikabaki na madawati matupu, yeye hakukanyaga shimoni hata siku moja. Na leo anaitwa mwizi wa dhahabu uani kwake, mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu aliyoibandika mlangoni!

"Bwana Oduol," alisema taratibu, "nilichotia humo ni vigololi. Vya kioo, vidogo kama ulezi. Felix alilalamika usukani unatetemeka."

"Nilikwambia, bosi," Felix akasema. "Nilikwambia Jumatatu, na ulikubali."

"Nilikubali uondoe mtetemo! Sikukubali ulezi!"

Wachimbaji wakacheka. Scholastica hakucheka.

"Sikiliza. Barabara hizi zinalila tairi upande mmoja. Tunaziba kiraka, tunaziba tena, upande unakuwa mzito. Gari likikimbia, gurudumu linarukaruka. Ile mashine ya kusawazisha magurudumu mjini Tarime ni ya magari madogo, tairi lako haliingii. Kwa hiyo tunatia vigololi ndani, vinabaki huru. Gari likishika kasi vinakimbilia upande uliopungukiwa na kutulia pale, gurudumu linakuwa sawa. Likienda polepole vinaanguka chini, ndiyo hiyo shaaa. Wifi yangu Dorah huniletea kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Machage ndiye aliyenifundisha."

"Vinajuaje upande uliopungukiwa?" Oduol akauliza, akiwageukia watu wake. "Vina macho?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Oduol akakitumia kama ngazi. Akasogea na kuinua panga juu ya tairi.

"Hapa tairi halichanwi," Scholastica akasema, akajisimamisha kati ya panga na gurudumu. "Ukilichana utasema tulichoficha kimemwagika kwenye vumbi. Nalifungua mwenyewe, kwa mitarimbo. Na wewe, mzee Kisyeri, kabla ya kulinda geti ulikuwa unafanya nini?"

Mzee akakohoa. "Nilikuwa naosha."

Kila mtu pale alijua. Miaka ishirini Kisyeri aliosha mchanga wa dhahabu kwenye karai, na mkono wake haukupoteza hata punje ya kutosha jicho la kuku.

"Basi utaosha. Umesikia kwa masikio yako, sasa utaona kwa macho yako. Kama ni dhahabu itabaki chini ya karai. Kama ni kioo kitaondoka na maji. Mna neno?"

Huo ndio ushahidi pekee ambao watu wa Kerende hawabishani nao.

Felix alipiga jeki, akafungua nati. Scholastica akatoa upepo, akapiga mitarimbo miwili, akapanda juu ya tairi kwa miguu yake hadi ukingo ukaachia. Kisha wakaliinamisha juu ya gunia safi, naye akachota ndani kwa kikombe. Vigololi vikamwagika, vyeupe, vimechanganyika na unga mweusi wa mpira. Oduol akainama na kuvisugua kati ya vidole.

"Huenda imechanganywa," akasema.

"Osha, mzee," Scholastica akasema.

Kisyeri alichuchumaa na karai, chini akaweka beseni la kupokea. Akazungusha, akainamisha, akazungusha. Wachimbaji walishuka wote wakamzunguka. Vigololi viliteleza na maji kidogo kidogo hadi vikaisha, na chini ya karai pakabaki mstari mwembamba mweusi. Mwishoni mwa ule mstari kulikuwa na kitu cha njano.

"Haya!" Oduol akapiga kelele. "Haya! Hiyo ni nini? Hiyo ni nini, mama wa kanisani?"

Felix alishika kichwa. Scholastica aliinama juu ya karai. Alijua hakutia kitu; lakini hicho kitu kilikuwepo, kinang'aa, na watu kumi walikuwa wakikitazama. Midomo yake ilianza Salamu Maria bila yeye kuiagiza.

Mzee alikiokota kwa ncha ya kidole, akakiweka juu ya jiwe, akakibonyeza kwa ncha ya kisu chake. Kile kitu kikaruka, kikadunda, kikapotea. Akakitafuta kwenye vumbi hadi akakiona, akakibonyeza tena. Kikaruka tena.

"Dhahabu hulala," akasema. "Ukiibonyeza inalala kama nta. Hii ni shaba. Imekwanguka kwenye mdomo wa kujazia upepo." Akainuka kwa shida na kumgeukia Scholastica. "Mama Nyangi, masikio yangu yalisikia vizuri. Mdomo wangu ndio uliokimbia. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mzee."

Oduol alilitia panga kwenye ala. "Basi, yaishe. Rudisha hivyo vigololi vyako, jaza upepo, tuondoke. Kuna mawe yananingoja."

"Hayajaisha," Scholastica akasema.

"Unataka nini tena? Si umeonekana huna kosa?"

"Nimeonekana na watu kumi. Wewe ulinitangaza kwa kijiji kizima hadi kwenye jumuiya yangu. Jumapili, watu wakitoka kwenye ibada, utasimama mlango wa kanisa uyaseme haya tuliyoyaona."

"Mimi ni Msabato. Siingii kwenu."

"Simama nje. Maneno yataingia yenyewe."

Mchimbaji mmoja akapasuka kwa kicheko, na safari hii aliyechekwa ni Oduol. Uso ukamkunjamana. "Weka tairi!"

Scholastica aliliweka. Lilikuwa tairi la Oduol, na yeye hashikilii cha mtu. Alilikausha, akalirudisha kwenye rimu, akajaza upepo, Felix akakaza nati. Lakini vigololi vilikuwa vimeloa, na vikiloa hugandamana na havifai. Alivianika juu ya gunia kama mtu anayeanika ulezi wa uji, na hakumwambia Oduol vitakauka lini.

"Toka hapo," Oduol akamwambia Felix. "Naendesha mwenyewe."

Siku mbili aliendesha mwenyewe, kutoka Kerende hadi kwenye mashine za kusagia mawe. Felix alimweleza Scholastica kwamba jioni ya kwanza bosi alishindwa kushika kikombe cha chai, mikono ilikuwa bado inatetemeka kwa ule usukani. Ya pili, alisimamisha gari katikati ya mteremko, akashuka, akalipiga tairi teke na kulitukana kwa Kijaluo, kisha akarudi kwenye usukani akichechemea.

Jumapili watu wakitoka kanisani walilikuta tipa limeegeshwa ng'ambo ya barabara. Oduol alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alisema alichopaswa kusema, lakini alikisemea kwenye kola yake.

"Sijasikia," Scholastica akasema. "Na Veronika kule nyuma hajasikia."

Akarudia. "Nilisema mama huyu anaficha dhahabu yangu. Si kweli. Tumeosha, haikuwepo. Nilimsingizia."

Alitaka kuongeza jambo, akaangalia mikono yake, akaacha.

Wanawake walianza kumsogelea Scholastica, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na pole yake. Alizipokea. Alimwomba Mungu amwondolee hasira iliyobaki, ila hakuomba kwa haraka. Veronika alipomwomba aanzishe wimbo wa kuagana, alimwacha angoje kidogo, macho yakiwa juu ya wale wote walionyamaza siku ya Jumatano, kisha akauanzisha juu kabisa, sauti ambayo wengi wao hawakuweza kuifikia.

Kesho yake asubuhi Felix ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Vigololi vilikuwa vimekauka. Scholastica alivipitisha kwenye chekecheo la unga, akavirudisha tairini vyote hadi cha mwisho, na tipa lilipotoka uani polepole alisimama kulisikiliza likilia shaaa, shaaa, hadi liliposhika kasi na kunyamaza.