Mawese ya Saa Sita

Wewe unayesoma, usijifanye mgeni. Mwezi wa tisa mwaka jana ulipita mbele ya nyumba ya Urbain saa sita mchana, ukamwona bibi kizee amelala kwenye kivuli cha choo kwa sababu chumbani hakukaliki. Ukageuza uso ziwani, kana kwamba kuna boti unaingoja. Ukasema, "Ah, joto tu."

Mama Bibiane hakugeuza uso. Kizee yule ni mamake, Mama Émérence, na siku ile alikuwa amezimia. Urbain, kaka yake Bibiane, alijenga kwa bloki za sima, yaani saruji, fahari ya mtaa mzima. Lakini ukuta wake, mwembamba kama kiganja, saa sita ulichoma kama sufuria jikoni.

Bibiane naye alikuwa na kiwanja, na biro, ofisi ya viwanja, ilikwisha kumwambia: aandikishe nyumba "ya dirable" kabla mwezi haujaisha, la sivyo kiwanja anapewa mwingine. Dirable, yaani yenye kudumu. Kila mtu alijua maana yake ni sima. Nani alisema? Hakuna aliyeuliza. Maneno ya biro tumezoea kuyameza kama kwinini, bila kutafuna.

Bibiane alitafuna. Mama huyu aliuza mawese sokoni, na alijua tabia yake: baridi ikija yanaganda, joto likija yanakuwa maji. Basi aliacha kikombe kimoja chumbani kwa Urbain, na kingine kwa Papa Isidore, fundi mwashi aliyetoka Nyunzu, ambaye nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, ukuta mnene kama mkono toka vidole hadi kiwiko.

"Mama, unakuja kupikia kwangu?" Isidore akauliza.

"Hapana, Papa. Ninauliza ukuta."

"Ukijibu, uniite. Miaka kumi na mbili niko nao, haujaniambia hata bonjour."

Saa sita, kwa Urbain mawese yalikuwa maji mekundu. Kwa Isidore, kijiko kilisimama wima kikombeni.

"Lakini nyumba zote mbili bati ni moja!" Bibiane akashangaa.

"Bati moja, ukuta njo tofauti. Ukuta munene unakunywa joto pole pole. Mpaka ukumbuke kulitoa, jua limekwisha kuzama, na ule upepo wa ziwa haukukuti unatetemeka."

"Na mvua, Papa?"

"Musingi wa mawe, bati itoke mbele kama kofia, na inje chokaa ya Kabimba. Udongo unaogopa maji, hauogopi miaka."

"Nikiyachoma matofali?"

"Utachoma miti ya kilima cha nani? Mabichi yanatosha."

Kesho yake Bibiane akapanda mlimani, bironi, na kikombe chake mkononi, mawese yakiwa yameyeyuka kwa jua la njiani. Akangojeshwa ndani kwenye benchi mpaka saa sita. Karani alikuwa Papa Cyprien. Yaani Cyprien kanisani, maana bironi serikali ilikataza jina la ubatizo; mwanamke aliitwa "sitwayene", yaani raia.

"Sitwayene, udongo si dirable. Andika sima, ao andika kwaheri."

Bibiane akatazama kikombe. Mawese yalikuwa yameganda.

"Papa, ukuta huu wako ni wa nini?"

"Huu? Wa Wazungu. Dirable ya kweli!"

Wa Wazungu, ndiyo. Hatujasahau. Huku mlimani walijijengea kuta nene, kule kambini kwa wafanyakazi baba zetu wakapewa kuta unazoweza kumsikia jirani akikohoa.

Kando ya mlango swichi ya umeme ilikuwa imeng'oka zamani, ikaacha tundu. Bibiane akaingiza kidole, akachimba. Vumbi jekundu likamwagika, na ndani yake kipande cha nyasi kavu. Tofali bichi.

"Papa, sima inaota nyasi?"

Benchi lote likacheka. Mama Henriette, aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari, akapaza sauti: "Basi tuanze kubomoa biro!"

Karani akatazama tundu, akatazama mlango wa mkubwa wake, akashika kalamu.

"Unene gani?"

"Kama huu wako."

Akaandika: dirable.

Leo Mama Émérence analala mchana chumbani kwa binti yake, ndani ya kuta nene za udongo, na ameanza kunung'unika: "Bibiane, lete blanketi, unataka kuniua?"

Lakini karatasi ile ni ya nyumba moja tu, ya Bibiane. Nyumba ya Mama Henriette, udongo mnene, chokaa safi, imepigwa alama ya kubomolewa, na siku yake ni Ijumaa. Inuka sasa. Chukua kikombe cha mawese, panda bironi, keti kwenye benchi lile mpaka saa sita, umwonyeshe karani yanavyoganda. Na safari hii, usitazame ziwani.