Mkono wa Mama Mkwe

Ukasha hakuipenda karate hata chembe, na hilo aliwatangazia watu wote wa soko la Kibiti kabla hawajamuuliza. Yeye ni fundi cherehani, bwana. Kazi yake kushona kanzu na kukunja pindo za madera, siyo kurusha mateke nyuma ya godauni la korosho pamoja na watoto wa shule. Aliyempeleka huko ni mwanamke mmoja tu, Bi Mwajabu wa Mtawanya, mama yake Yasmin, na alimpeleka kwa sababu ya nyani.

Ilikuwa hivi. Ukasha alishapeleka posa, ikapokelewa, mambo yananyooka. Siku moja akaitwa shambani akawasaidie kuvuna mahindi, na huo ndio mtihani wenyewe wa mkwe mtarajiwa, nani asiyejua? Akaenda na shati la kupigwa pasi, eti! Mara nyani akatokeza kwenye mahindi, dume zima, likakaa likamtazama. Mwingine angerusha jiwe. Ukasha alitoka nduki, akampita Yasmin, akampita mama mkwe mwenyewe, akaacha ndara moja kwenye tuta, na hakusimama mpaka barabara ya lami. Nyani alifukuzwa na Bi Mwajabu kwa jembe na matusi.

Jibu likaja kwa mshenga siku ileile. "Binti yangu simkatazi kuolewa. Lakini mwanamume aliyeniruka mimi kama gogo, kwanza akafundishwe kusimama. Yupo yule tabibu wa bara anayefundisha karate. Akipata mkanda, aje tuzungumze."

Mkanda! Soko zima lilicheka, wauza samaki mpaka wakafuta machozi. Ukasha akanuna, akaapa haendi, akamkumbuka Yasmin, akaenda.

Tabibu mwenyewe ni Hilari, mtu wa Mbinga. Mchana alitibu watu kituo cha afya, jioni alifundisha juu ya maturubai ya kuanikia korosho. Miezi ya mwanzo Ukasha alikuwa kituko. Akiambiwa apige ukelele, anakohoa. Akiambiwa apambane na mwenzake, anamwomba radhi kwanza. Mvua ikinyesha anamshukuru Mungu, jua likiwaka anaumwa tumbo, na kumwambia tabibu kwamba unaumwa tumbo ni kujitafutia balaa, maana atalibonyeza hapohapo mbele za watu.

"Wewe siyo mwoga," Hilari alimwambia siku moja akiwa amemlaza chali. "Wewe unaona haya. Hizo nitakusubiri zikuishe."

Zilimwisha, ingawa polepole. Mkanda ukapatikana, Yasmin akaolewa, na hapo ndipo watu waliposhangaa, maana kila jioni Ukasha alifunga cherehani yake akarudi kulekule godauni bila kusukumwa na mtu. Kumbe alishaipenda! Alikuwa haambii mtu, lakini miaka ikapita akafika mkanda mweusi. Ndipo Hilari akapata uhamisho wa kwenda Sumbawanga. Akamkabidhi maturubai, akapanda basi. Ukasha akabaki amesimama na yale maturubai mkononi, mwalimu.

Mwalimu wa nani sasa? Wanafunzi walimpenda Hilari, siyo fundi wa kanzu. Wakapungua mpaka mwenye godauni akaanza kusema ile sehemu ingefaa kuegeshea bajaji. Ukasha alikuwa anawaza hayo jioni moja, alipoona kundi la akina mama linakuja na kanga zimefungwa viunoni kama wanakwenda kutwanga. Mbele yao, Bi Mwajabu, na Yasmin ubavuni pake.

"Yasmin," alisema bila kumtazama mkwewe, kama adabu inavyotaka. "Mwambie mumeo tumekuja kujifunza kujihami."

Ukasha nusura akimbie tena. Jamani, mama mkwe! Mtu ambaye ukikutana naye njiani unainamisha macho, hupeani naye mkono, hata kucheka hucheki mbele yake. Lakini Bi Mwajabu ndiye mpishi mkuu wa shughuli zote, kuanzia Mtawanya mpaka Kibiti mjini. Akiondoka yeye, akina mama wote wanaondoka, na bajaji zinaingia. Ukasha akawakaribisha.

Basi akafundisha kwa mkalimani. Anasimama pembeni, anatazama ukuta. "Yasmin, mwambie mama apinde kiwiko." "Mama, anasema upinde kiwiko." "Mwambie nimesikia, sina pamba masikioni." Somo kubwa lilikuwa moja, namna ya kujinasua mtu akikukamata mkono. Usivute, maana ukivuta yeye anakaza. Geuza mkono utokee kwenye kidole gumba chake, hapo ndipo penye mlango.

Bi Mwajabu alikuwa anavuta tu. Na kila akivuta, anatoka! Sihaba muuza vitumbua alimshika, akamwachia, maana bintiye anaolewa mfungo sita na nani atapika pilau? Kudra, anayejitwika gunia la mkaa peke yake, alimshika kwa vidole viwili kama anashika kikombe cha chai ya moto. Hakuna aliyethubutu kumkaza. Bi Mwajabu akatoka mikononi mwa wote, akavimba kichwa, akaanza kuwasahihisha wenzake. Ukasha aliyaona yote hayo, akatazama ukuta.

Siku ya Jumamosi, mazoezi yalipokwisha, Bi Mwajabu akasema, "Jumatatu nakwenda Mtunda."

Kila mtu alijua kuna nini Mtunda. Kuna bonde la mpunga la marehemu mumewe, na kuna Ismaily, mdogo wa marehemu, aliyelikalia bonde hilo na kusema ni lake. Mara ya mwisho Bi Mwajabu alipokwenda kuvuna, Ismaily alimkamata mkono, akamburuta mpaka kwenye tuta, akamwacha kwenye tope watu wakitazama. Bi Mwajabu alikuwa akiisimulia habari hiyo huku anacheka. Yasmin alikuwa akiisikia analia.

"Aje anishike tena," Bi Mwajabu alisema. "Aone."

Akina mama wakapiga vigelegele. Ukasha tumbo likamuuma, na safari hii kweli. Alimpenda yule mama, tuseme ukweli. Mwanamke mkali, lakini ndiye aliyewaletea uji Yasmin alipojifungua, asubuhi na jioni, kwa miguu.

"Mwambie," alimsihi mkewe walipofika nyumbani. "Mwambie hajui kutoka."

"Ataniambia namwonea wivu."

"Basi nitamwambia mimi."

"Wewe? Kwa maneno?" Yasmin akacheka kwa uchungu. "Mama yangu kwa maneno humuwezi, wala mimi simuwezi."

Jumapili jioni akina mama walipopanga safu wawili wawili, Ukasha aliacha ukuta wake, akaja akamsogeza Sihaba kando. Akasimama mbele ya mama mkwe, uso kwa uso.

"Mama, naomba mkono."

Mmoja akasema astaghafirullah. Bi Mwajabu akamgeukia bintiye. "Yasmin, mwambie mumeo akapumzike, hana akili nzuri leo."

Yasmin akarudi nyuma hatua moja. Ukasha akanyoosha mkono, akamshika mama mkwe wake kifundo cha mkono. Akakaza.

Bi Mwajabu akavuta kama alivyozoea. Hakutoka. Akatabasamu kidogo, akavuta tena, hakutoka. Tabasamu likaondoka. Akarudi nyuma, akajitupa kushoto, kulia, kanga ikateleza begani, na ule mkono umekamatwa vilevile.

"Niachie, baba."

"Sikuachii, mama. Ismaily hakuachii."

Lo! Ndipo matusi yalipofunguliwa. Aliitwa mwanahizaya, akaitwa mshona viraka, akaambiwa talaka itaandikwa usiku huohuo na Yasmin atarudi kwao na vyombo vyake vyote. "Mimi niliyekupa binti! Mimi!" Ukasha machozi yanamlengalenga, na moyo wote unamwambia achia, achia, umwangukie miguuni. Hakuachia.

"Kidole gumba, mama! Mlango uko kwenye kidole gumba!"

Nani amsikilize? Bi Mwajabu aliinama, akamng'ata.

Akamng'ata haswa, meno yote aliyojaliwa. Ukasha akaruka juu, mkono ukafunguka, akina mama wakalipuka kwa vigelegele, Kudra akapiga makofi mpaka kanga ikamdondoka. Bi Mwajabu peke yake hakushangilia. Alikuwa anautazama mkono wake, alama nyekundu za vidole zimeuzunguka. Kisha akainua macho.

"Sihaba. Wewe ulikuwa unaniachia?"

Sihaba akaanza kutengeneza mtandio wake ambao haukuwa na kasoro.

"Na wewe Kudra?"

"Tulikuona unafurahi, bibie," Kudra akasema chini chini.

Bi Mwajabu akakaa kwenye turubai. Uso ulimshuka, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu mzima aliyechoka. "Ningekwenda kule," alisema, "nikavuta mkono mbele ya watu wote, na yule bwana anacheka."

Ukasha akapiga magoti mbali kidogo naye. Aliona ndoa imekwisha. "Nisamehe, mama. Nimekukosea adabu."

"Umenikosea. Hilo tutalizungumza kwangu, na mshenga awepo." Akajizoa, akasimama, akafunga kanga upya, akakaza fundo. Halafu akaunyoosha mkono uleule wenye alama, akamtazama Ukasha machoni. "Hicho kidole gumba ulichokipigia kelele kiko wapi?"

"Hiki hapa, mama."

"Na kesho, mama?" Yasmin akauliza. "Mtunda?"

"Mtunda haihami." Bi Mwajabu hakugeuka. "Shika. Na unishike kama yule mshenzi, usinishike kama unanipima gauni."

"Utaning'ata?"

"Nikiukosa mlango."

Ukasha akashika, akakaza. Mpaka adhana ya magharibi inawatawanya, Bi Mwajabu alikuwa hajatoka hata mara moja, na hakuna aliyemwachia.