Namba Hii Umepewa na Nani?

Tangu wanajeshi wapindue serikali, nesi Sandar Win na Daktari Thiha walikuwa wamegoma hospitalini, wakawa wanatibu watu wa jiji la Yangon majumbani kwa siri. Korona ilipopamba moto mwezi Julai, benki zilikuwa zimekaukiwa pesa, oksijeni haipatikani, na simu ya Sandar haikupoa.

Siku moja daktari aliitwa kwa mgonjwa. Badala ya mgonjwa alikuta wanajeshi wakimngoja. Hakurudi.

Kesho yake mchana, mvua ikinyesha, simu ililia.

“Dada, mume wangu anashindwa kupumua,” alisema mwanamke.

“Namba hii umepewa na nani?”

“Na jirani. Tafadhali, dada.”

“Jirani gani? Hebu msogezee mumeo simu nimsikie.”

Sandar alisikia mtu akivuta pumzi kwa tabu, kifua kikikoroma. Lakini hata askari anaweza kuigiza. Akauliza nyumba ilipo, akasema atapiga baadaye, akakata.

Alikaa akiitazama mvua. Jioni roho ikamsuta, akaficha dawa chini ya mboga kikapuni, akaenda. Kitambaa cha njano cha kuomba msaada kilikuwa kimelowa dirishani. Ndani, mume alikuwa amelazwa mkekani, amefunikwa uso.

“Nimewapigia wengi,” mwanamke alisema, bila hasira. “Kila mmoja aliogopa mimi ni mtu wa jeshi. Hata wewe, dada.”

 Sandar akaketi karibu naye. Nje gari likasimama, na wote wawili wakasikiliza milango yake ikifunguliwa.