Muhuri Uliotaka Marehemu Akimbie

“Kwani ni kweli marehemu Baba Rukia alitoroka hospitali?” jirani yangu Mama Salehe aliniuliza jana, huku anachambua mchicha wangu bila kuombwa.

Swali lilikuwa na mwenyewe. Watu wa takwimu za saratani walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza wagonjwa walitibiwaje. Wifi yangu Zainati, ambaye wodini hakuwahi kukanyaga, akawahi kujibu kabla sijavaa mtandio: “Kaka yangu alitoroka.” Wakaandika mtoro, wakaenda zao.

Basi usiku wa jana niliota nimeitwa na muhuri.

Muhuri umekaa kitini ofisini, umevaa miwani. Mbele yake amekaa marehemu mume wangu, tumbo limevimba kama siku zile za mwisho, miguuni ana raba mpya nyeupe.

“Shikamoo,” nikasema, maana muhuri ule ulinizidi umri.

“Marahaba. Huyu ni mtoro. Mtoro lazima akimbie, la sivyo daftari litakuwa limesema uongo.”

Ofisi ikawa uwanja wa mpira. Hakuna aliyeshangaa. Mume wangu, mtu wa kutii tangu ujana, anainuka kashikilia tumbo.

“Nikimbilie upande gani, mzee?” anauuliza muhuri kwa adabu.

“Popote, ila kwa kasi.”

“Keti, Baba Rukia,” nikasema. “Hakimbii mtu hapa.”

Nikapiga magoti nikaanza kuchomoa kamba za raba zile. Filimbi iliyolala nyasini ikaniambia nachelewesha mchezo. Nikaiambia iendelee kulala.

“Mashine ya mionzi iliharibika,” nikauambia muhuri. “Wa hospitali wenyewe ndio waliotuambia turudi nyumbani tungoje simu. Tukangoja. Ile simu niliichaji kwa jirani hata mgonjwa alipokuwa hawezi tena kuisikia.”

“Akatibiwa wapi?”

“Kwangu.”

“Kituo lazima kiwe na kitanda.”

Uwanja ukawa chumba changu. Kitanda kikakohoa.

“Mimi hapa. Mama huyu alimgeuza ubavu kila alipougulia maumivu. Alimnywesha dawa ya maumivu kwa kijiko. Maji yalipomchoma mwilini, akamletea kisahani cha mchanga safi atayamamu, apate kusali bila kutawadha kwa maji. Na shuka zilifuliwa. Hilo naapa, mimi ndiye ninayezivaa.”

“Mke si dawa,” ukasema muhuri, ukajinyanyua umpige mume wangu MTORO kwenye paji la uso.

Nikaudaka kwa mkono wa kulia. Kushoto bado nimeshika kamba.

“Paji hili lina alama ya sijida. Nafasi imejaa. Andika: alirudishwa. Andika: alitunzwa nyumbani mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua. Hutaki, nitalala na wewe mkononi hivihivi.”

Muhuri ukafurukuta. Nikakaza.

Nikaamka ngumi zote mbili zimekaza. Wifi amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Nikafungua mkono wa kulia: mtupu. Wa kushoto una kamba ya kiatu, nyeupe, mpya. Nyumba hii haina kiatu cha kamba. Marehemu alivaa kandambili maisha yake yote.

“Umeitoa wapi hiyo, wifi?”

“Miguuni kwa kaka yako. Walikuwa wanamkimbiza, kwa lile neno lako.”

Akaitazama kamba. Akaweka uji chini, akajitanda kanga, akatoka kushika njia ya zahanati, walikofikia wale watu wa takwimu.