Mdomo wa Mwenyekiti

Mama mtu alikaa mlangoni, mguu wenye plasta juu ya stuli, akimsimamia binti yake kazi utadhani yeye ndiye aliyeshika brashi.

"Pua hiyo umempendelea. Nimesoma naye, namjua."

Binti, fundi wa mabango, alikuwa amepiga magoti barabarani akichora uso wa mwenyekiti wa mtaa kuzunguka shimo la maji machafu. Shimo lenyewe ndilo mdomo. Miezi minne halina mfuniko, barua tatu zimepelekwa ofisini, jibu ni lile lile: "Tunalifanyia kazi." Mama akatumbukia humo akitoka sokoni, na tangu siku hiyo hajavuka kizingiti. Mwanamke aliyekuwa hakosi harusi wala ugomvi! Jambo hilo lilimuuma binti kuliko alivyoonyesha.

Kufikia mchana watu walijaa, wanacheka hadi wanashika mbavu. Binti akaingia ndani kunawa, kifua mbele.

"Na namba ya simu umeweka ya nini?" mama akauliza.

Binti akachungulia nje. Mazoea jamani! Miaka kumi na miwili ya kuchora mabango ya vinyozi na maduka, mkono ulikuwa umejiendea wenyewe: chini ya kidevu cha mwenyekiti, kwa herufi za kupendeza, "Kwa kazi safi piga simu," na namba yote kamili.

"Wenzako wakigoma hujificha," mama akasema. "Wangu katoa tangazo."

Simu ikaita. Mwenyekiti.

"Wewe binti! Watu wananitupia maganda mdomoni! Futa leo hii, la sivyo leseni yako ya mabango usahau!"

Leseni ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Binti akautazama ule mguu juu ya stuli.

"Shikamoo, mzee. Rangi hii ya mafuta haitoki. Ila mdomo unafungika. Kwa mfuniko."

Sauti ya mwenyekiti ikashuka: "Hivi pua yangu ndivyo ilivyo kweli?"

"Mama anasema nimekupendelea."

Asubuhi yake mfuniko ukaletwa, wa chuma, mzito. Mama akaitisha magongo. Akavuka kizingiti polepole, majirani wakimpisha, akasimama katikati ya mfuniko, akaugonga kwa gongo mara mbili. Binti machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Sasa unalia nini? Chukua kapu twende. Siku ile nilisahau chumvi."