Chupa Niliyoigonga

Mkuu wa maabara alisimama nyuma yangu, akatazama, kisha akauliza taratibu, "Umeanza lini kugonga chupa?"

Nikatazama kidole changu. Kweli, kilikuwa kwenye kioo. Kazi yetu ni kupima kama mafuta ya injini yatatiririka kwenye baridi kali. Unayapoza ndani ya chupa, unailaza chupa ubavu, unahesabu hadi tano. Yakisogea, yamefaulu. Ila chupa haitikiswi. Ukiigonga, mgando unaoanza kushikana unavunjika, na mafuta yaliyoshindwa yanasogea kama mazima. Hilo nimemfokea kila aliyewahi kuingia chumba hiki.

"Tabia tu," nikasema. "Mikono haina breki."

"Na pipa la wiki iliyopita?"

Pipa lile nililipitisha kwa nyuzi hasi thelathini. Lilikwenda kwenye malori ya mlimani, na moja analiendesha kaka yangu.

Nikachukua sampuli ya akiba, nikaipima upya, mikono nimeifumbata mgongoni kama mtoto aliyekatazwa sukari. Kwenye hasi kumi na nane nikailaza chupa. Nikahesabu hadi tano. Mafuta hayakusogea hata kidogo. Nikaikimbilia simu yangu, nikampigia kaka.

Simu iliita sana kabla hajapokea.

"Kaka, usizime injini."

"Mbona nimeizima tangu asubuhi, mdogo wangu? Theluji imefunga njia. Niko peke yangu huku, nimejifunika mablanketi mawili kama bibi harusi."

"Baridi ni ngapi?"

"Hasi ishirini na nne."

Bila injini hakuna joto, na baridi ile haimsubiri mtu. Mkuu alikuwa tayari anaongea na watu wa barabara kwenye simu ya mezani. Akafunika kipokeo kwa kiganja. "Wanasema watamfikia baada ya masaa kumi," akaninong'oneza.

"Kaka, nisikilize. Yale mafuta..."

"Acha woga. Wenzangu walitaka kuyabadilisha, nikawaambia haya kayapima mdogo wangu mwenyewe. Ngoja niwashe nipate joto, ndiyo tuongee vizuri."

Nikasikia ufunguo. Injini ikaguna mara moja, ikanyamaza. Akajaribu tena, na safari hii haikuguna.

"Mbona hivi?" akauliza, kicheko bado kiko kwenye sauti yake.

"Niliigonga chupa, kaka," nikasema.