Salamu za Kisiki cha Mpingo

Redio ile ilikuwa imebaki jina. Zulia la studio lilikuwa limechakaa hata sakafu ikachungulia, kipoza hewa kilikohoa kama mgonjwa wa kifua, na katika chumba cha mapokezi kipaza sauti kilichotundikwa ukutani kilivihutubia viti vitupu. Mwenye redio, ambaye hakuonekana ila palipokuwa na lawama, alikuwa amekwisha kutoa kauli: wasikilizaji wasiporudi kufikia mwisho wa mwezi, vipindi vyote vya maneno vifutwe, mashine ipige muziki kutwa kucha, na watangazaji waende wanakokujua.

Kauli hiyo ilimchoma Bi Salamu kuliko wenzake wote. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipachikwa na wasikilizaji kwa ajili ya kipindi chake cha alasiri, ambamo watu huleta kadi zenye majina ya wawapendao, naye akazisoma hewani. Mume alikuwa amekwisha kumzika, mtoto hakujaliwa. Kipindi ndicho kilichokuwa nyumba yake, na sasa kadi zilikuwa zimekauka kama kisima cha kiangazi.

"Mama mdogo," meneja, aliyekuwa mtoto wa marehemu dada yake, alimwambia, "siku hizi mtu akitaka kumsalimu mwenziwe ana simu mfukoni. Nani aandike kadi?"

"Simu humsalimu mtu mmoja. Mimi huwasalimu mbele ya mji mzima."

"Mji gani, mama? Jana ulisoma kadi mbili, na moja ilitoka kwa mlinzi wetu."

"Mlinzi si mtu?"

"Ni mtu, lakini alijisalimu mwenyewe!"

Wakacheka, ila kicheko cha meneja kilikufa mapema.

Mfa maji haachi kutapatapa. Bi Salamu akafanya jambo ambalo asingemsamehe mtangazaji mwingine yeyote: akaanza kuandika kadi mwenyewe. Wasalimiaji hawakutumia majina ya kwao bali lakabu, nazo alizikumbuka zote. Akazifufua moja baada ya moja. Akamfanya Chui wa Gereji amtanie Malkia wa Vitumbuizo, na Malkia amjibu Chui kwa kejeli, na kejeli zote zilitoka katika kalamu yake. Hakuiona dhambi. Watu hao, aliwaza, wapo mahali fulani, wamechoka kuandika tu. Nani atakayedhurika kwa kusalimiwa?

Miongoni mwao alikuwamo Kisiki cha Mpingo, fundi bomba mcheshi ambaye zamani hakupitisha wiki bila kumsalimu mama yake, "jikoni aliko, moshi usimtoe machozi." Maneno hayo Bi Salamu aliyakumbuka kama yalivyokuwa. Akayaandika, na alasiri akayasoma.

Asubuhi iliyofuata alimkuta mapokezini bibi mmoja mwembamba, amevaa gauni lililopigwa pasi kwa uangalifu, amepakata mfuko.

"Ndiwe Bi Salamu?"

"Ndimi, mama. Karibu."

"Mimi ndimi mama yake Kisiki." Akaushika mkono wa mtangazaji kwa mikono yake yote miwili. "Niambie, mwanangu yuko wapi?"

Bibi akasimulia bila kuulizwa. Mwanawe aliondoka mvua zilipokuwa zikikatika, akaenda kazini, asirudi. Ndugu zake walimtafuta polisi na hospitalini, hata wakaonyeshwa maiti iliyoopolewa mtoni, haina sura ya kutambulika. Ilibaki kimo tu, na kidole kilichopinda kama chake. Wakakubaliana kwamba ndiye. Kaburi likachimbwa.

"Basi jana nikasikia salamu zake! Nikawaambia wanangu, acheni maiti ya watu, mfu hatumi salamu. Wameiacha mochwari. Leo jioni manispaa itamzika pamoja na wasio na wenyewe. Mungu amrehemu, maskini, naye bila shaka ana mama yake mahali." Akaufungua mfuko. "Nimemletea shati. Aliondoka na lile la kazi."

"Nisubiri kidogo, mama," Bi Salamu akasema, akaenda kwa meneja.

Alimkuta amesimama, uso umemeremeta. "Mama mdogo! Simu hazijanyamaza tangu alfajiri. Yule bibi amewaambia majirani, majirani wameuambia mji: aliyepotea amepatikana kwa salamu! Mwenye redio mwenyewe amenipigia. Amesema muziki usubiri. Umetuokoa!"

"Kadi ile niliiandika mimi."

Meneja akaketi. Baadaye akainuka, akaufunga mlango. "Nani mwingine anajua?"

"Mungu."

"Huyo hapigi simu redioni. Nisikilize, mama. Ijumaa Kisiki atume salamu nyingine, fupi tu. Kisha atasafiri mbali, watu watasahau. Kipindi chako kitabaki."

"Na aliyeko mochwari?"

"Maiti haijui imezikwa na nani."

"Mama yake je?"

"Sasa hivi ana mtoto. Ukifumbua kinywa, yeye hana mtoto, nawe huna kipindi. Niambie, nani atakuwa amefaidi?"

Maneno ya kijana yule hayakuwa ya kipumbavu, na hilo ndilo lililomtisha Bi Salamu. Alijiona akiishi humo miaka yake iliyosalia, akimtilia maneno kinywani mtu aliyekwisha kuoza, na ng'ambo ya pili bibi akilipiga pasi shati. Akatoka.

Akamweleza bibi yote, bila kujitetea. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu kwa huruma.

"Wanangu wamekuja hapa, sivyo? Wamekutisha."

"Hajaja mtu, mama. Ni mimi niliyedanganya."

"Usinifanye mtoto. Nimeyasikia kwa masikio yangu, redioni. Hayo unayoninong'oneza hapa ndiyo niyaamini?"

Bi Salamu akamwacha pale. Aliingia studio, akamwomba fundi mitambo aushushe wimbo, akaiwasha maikrofoni.

"Wasikilizaji, Kisiki cha Mpingo hakutuma salamu. Kadi ile niliiandika mimi, nikaisoma mimi, ili kipindi changu kisife. Sijui aliko. Mama yake Kisiki, nakuomba, nenda mochwari kabla ya jioni. Usimwache azikwe na wageni. Salamu zimekwisha."

Meneja aliufikia mtambo akihema, akaupandisha muziki hadi vioo vikatetemeka. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

"Umetuzika sote," akasema.

"Najua, mwanangu."

"Muziki utaanza leo. Na humu ndani usirudi."

Mapokezini bibi alikuwa amesimama chini ya kile kipaza sauti, uso ameuinua. Hakulia, wala hakulaani. Alikuwa amelikumbatia shati. Sasa akalikunja upya, mkono juu ya mkono, akalirudisha mfukoni.

"Kwenda mochwari ni mbali?"

"Si mbali sana. Nitakupeleka, mama, kama utaniruhusu."

Bibi akamnyooshea mfuko.

"Hapa hakuna ruhusa ya kuombwa," akasema. "Mimi nilikuwa nimekwisha kumlilia, ukamfufua wewe. Basi utasimama kando yangu watakapolifunua lile shuka, na wewe ndiwe utakayenisomea kile kidole, kwa maana macho yangu hayaoni vizuri."

Bi Salamu akaupokea mfuko. Wakatoka juani, kila mmoja akitazama mbele yake.